Usiku walipochoma makochi

Mfuko mweupe wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, wenye herufi za bluu anaujua kila aliyesafirishwa kutoka kambi ya wakimbizi. Humo ndimo hukaa makaratasi ya familia: picha za mapafu, vibali, majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa, ambazo kwa kaka zangu wawili wakubwa zote ni 1 Januari. Baba alikuwa ameutundika nyuma ya mlango wa chumbani. Jioni ya 31 Machi 2012 aliutungua, akauvaa shingoni, akazima taa za nyumba nzima na kutuamuru tukae sakafuni mbali na madirisha. Helikopta ilikuwa inazunguka juu ya paa. Ving'ora vilipishana. Kwa mbali watu walikuwa wanapiga kelele kwa pamoja, zile kelele zisizo na maneno, kisha ikaingia harufu ya kitu kinachoungua.

Tulikuwa na miezi mitano tu Lexington, mji wa jimbo la Kentucky, Marekani. Nilikuwa na miaka 13. Mama alianza kusali kwa Kibembe, na hapo nikajua mambo ni makubwa, maana haja za kawaida humwambia Mungu kwa Kiswahili.

Aliyetuokoa ni jirani wa chini, kijana kutoka Bhutan aliyetutangulia miaka miwili. Alibisha, baba akakataa kufungua. Akabisha tena huku anacheka. Alikuja na simu yake, na kwenye kioo tukaona vijana, wengine vifua wazi, wamelizunguka kochi linalowaka moto katikati ya barabara. Wanaimba. Jirani akatafuta Kiingereza ambacho sote tungekielewa, akakikosa, akaruka na kutupa mpira wa hewa kwenye kikapu cha hewa. "Win," akasema. "Happy."

Baba alikaa kimya muda mrefu. "Juu ya nini mtu akifurahi achome kochi yake?" Letu lilitoka kanisani, la kijani, lenye tundu la sigara ya mtu tusiyemjua. Siku mbili baadaye, Jumatatu usiku, kelele zilipoanza upya, baba hakuzima taa. Alikwenda kulikalia kochi.

Nilikuja kuelewa baadaye. Jumamosi ile timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Kentucky ilikuwa imewafunga Louisville, watani wao wa jimbo moja, 69 kwa 61 katika nusu fainali ya taifa. Jumatatu wakawafunga Kansas 67 kwa 59, wakachukua ubingwa wa nane. Mechi zote mbili zilichezwa New Orleans, safari ya kutwa nzima kwa gari, lakini mtaa uliowaka moto ni State Street, ubavuni mwa chuo. Watu wa Simba na Yanga mnaujua utani wa jadi. Sasa fikirieni mji usio na timu kubwa ya kulipwa hata moja, ambamo daktari, fundi bomba, mchungaji na mwizi wote ni wa klabu moja, na klabu yenyewe ni ya wanafunzi. Tena inaitwa Wildcats, paka-mwitu. Baba alishindwa kuamini kwamba wenye nchi kubwa hivi walitafuta mnyama wa kutisha wakaishia kwa paka.

Yeye alikuja na timu yake moyoni. Familia yetu ni ya Fizi, Kivu Kusini, Kongo. Mimi nilizaliwa Nyarugusu, kambi ya wilaya ya Kasulu, Kigoma. Baba ni mtu wa TP Mazembe, klabu ya soka ya Lubumbashi, ingawa mji huo hajawahi kukanyaga. Desemba 2010 Mazembe walipowafunga Internacional ya Brazil mabao 2-0 kule Abu Dhabi, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, tulikuwa tumeizunguka redio ya jirani. Baba alikaa chini kwenye vumbi jekundu, akanyoosha miguu na kuanza kuruka kwa makalio kama kipa Kidiaba, kutoka mlangoni petu hadi karibu na bomba la maji. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji waliweka ndoo chini ili wacheke vizuri. Siku nne baadaye Inter Milan ya Italia wakawafunga Mazembe 3-0, na baba hakula. Kisha tukaja Marekani, na sikumwona akiruka tena. Nilidhani ni magoti.

Jumatatu ile ya fainali nilikwenda shule nimevaa sweta jekundu la msaada. Nyekundu ni rangi ya Louisville. Mimi ningejuaje? Basi zima lilikuwa bluu, hata mbwa mmoja kituoni alikuwa na utepe wa bluu. Hakuna aliyenitukana, ila nilihisi nimeingia msibani na kanga ya harusi. Dereva wetu, mama wa makamo, alinitazama kwenye kioo, akavua skafu yake ya bluu na kunifunga shingoni bila neno. Nilimrudishia jioni. Wapo watakaosema upenzi wangu ulianzia hapo. Hapana, pale nilijifunza kujificha tu.

Upenzi ulianzia kwenye bisi. Nilipofika miaka 16 kanisa letu lilikuwa linapeleka watu kuuza vyakula Rupp Arena, ili sehemu ya mauzo iingie mfuko wa kanisa. Rupp Arena ilifunguliwa mwaka 1976 na inachukua watu zaidi ya 20,000, na nadhani nusu yao niliwauzia bisi. Mechi yangu ya kwanza sikuiona. Niliisikia kwa mgongo. Kibanda kilikuwa korido ya nje, kati yangu na uwanja kuna ukuta wa zege, na mimi nimeupa ukuta kisogo, nachota bisi.

Ukikaa hivyo majira mazima unaanza kusoma ukuta. Kikapu cha kawaida cha Kentucky ni mlio mfupi, kama mtu amefungua na kufunga mlango wa dhoruba. Kikapu cha mpinzani ni kimya chenye uzito. Mwamuzi akikosea, sauti inaanzia chini na kupanda polepole, na ikifika juu mashine ya bisi inatetemeka. Kuna ile ya herufi, C-A-T-S, uwanja mzima unazitaja moja moja. Mimi niliyekuwa bado nahangaika na tahajia ya Kiingereza nilizitaja pamoja nao, nikiwa peke yangu na chumvi yangu. Iliyokuwa tamu kuliko zote ni pumzi. Watu elfu ishirini wanavuta pumzi mpira ukiwa hewani, na kwa nukta moja hujui, na hakuna mwingine anayejua, hata aliyelipa mamia ya dola kukaa mbele.

Ulikuwa msimu wa 2014 hadi 2015. Karl-Anthony Towns, Devin Booker, Willie Cauley-Stein, hawakufungika. Walishinda mechi 38 mfululizo, na mji ukaanza kutembea kifua mbele. Mimi nilibaki mpita njia tu. Kushinda kwa watu wale kulikuwa kama harusi ya tajiri: unakula wali, unaondoka.

Halafu ikaja tarehe 4 Aprili 2015, Indianapolis, nusu fainali, Wisconsin 71, Kentucky 64. Nilikuwa nyumbani natazama na wadogo zangu. Filimbi ya mwisho ilipolia nilitoka kwenye ngazi za nje nikakaa, nikashangaa kukuta ngazi za nyumba ya pili zina mtu, na za tatu, na ng'ambo ya barabara mzee mmoja amesimama kwenye nyasi zake amevua kofia. Hakuna aliyeongea. Yule mzee alinitikisia kichwa, mara moja, kama tunavyofanya kwetu ukipita nyumba yenye matanga. Nikamtikisia. Miaka mitatu na nusu niliishi mtaa ule na hatukuwahi kusalimiana zaidi ya kupungiana mkono. Usiku ule nililia machozi ya kweli, na mama akaniuliza nani amekufa.

Nimelifikiria sana jambo hili. Furaha ya mji ilitutisha hadi tukazima taa. Huzuni yake tulijua pa kukaa ndani yake. Sisi ni watu wa matanga. Tunajua kukaa na aliyefiwa bila kuuliza maswali.

Sasa niseme la upande wa pili, maana nikilificha nitakuwa nasifia tu. Adolph Rupp, ambaye jina lake liko juu ya ule uwanja, alifundisha Kentucky kuanzia 1930 hadi 1972, akachukua ubingwa mara nne. Mwaka 1966 timu yake, weupe watupu, ilicheza fainali na Texas Western, ambao walianza na wachezaji watano weusi, ikafungwa 72 kwa 65. Mchezaji wake wa kwanza mweusi, Tom Payne, hakusajiliwa hadi 1969. Haya niliyasoma sekondari, siku ya Jumanne, na Jumatano nilikuwa na zamu ya bisi. Nilisimama chini ya jina lile, mtoto mweusi wa kambini, na nikajiuliza: huyu mzee angeniacha niingie na bisi, na kaka yangu angemwachia mpira? Mwaka 2020 walimu wa masomo ya Waafrika na Wamarekani weusi pale chuoni waliomba jina liondolewe. Liko bado. Mimi nasema wangeliondoa. Nakwenda pale hivyo hivyo, kama unavyokwenda kwa shangazi ambaye mumewe mlishagombana naye.

Chuo chenyewe sikusoma. Nilisoma kwingine cheti cha msaidizi wa wauguzi, nikaajiriwa hospitali, zamu ya usiku. Majira ya baridi ukipita korido unasikia mechi moja ikitoka mlango hadi mlango. Mzee mmoja aliniomba nizime sauti ya televisheni na niiwashe redio. Nikadhani amechanganyikiwa. Kumbe ni desturi ya wazee wa Kentucky: macho kwenye picha, masikio kwa mtangazaji wao. Alikulia kwa sauti ya Cawood Ledford, na akanieleza mechi ya mwisho ambayo Ledford aliitangazia Kentucky, 28 Machi 1992, Philadelphia, dhidi ya Duke.

Wapenzi wa Kentucky hawaulizi kama unaijua mechi hiyo. Wanauliza ulikuwa wapi. Niliposema nilikuwa sijazaliwa, mzee aliniangalia kwa huruma. Kentucky walikuwa wameadhibiwa mwaka 1989 kwa makosa ya usajili, wachezaji wakatawanyika, na vijana wanne wakakataa kuondoka: Farmer, Feldhaus, Pelphrey na Woods. Mwaka 1992 wakarudi mashindanoni. Muda wa ziada, zimebaki sekunde 2.1, Kentucky wanaongoza 103 kwa 102. Grant Hill anarusha mpira uwanja mzima, Christian Laettner anaudaka, anageuka, anatupa. 104 kwa 103. Mzee alikuwa anaeleza kwa mkono wenye sindano ya dripu, nikabaki namwangalia mrija badala ya kumsikiliza. Kisha akasema lile lililonikaa: jezi za wale wanne zilitundikwa darini mwa uwanja siku chache baadaye. Hawakuwa na kombe. Walitundikwa kwa sababu walibaki.

Sitaki muone ni kikapu cha wanaume tu. Aprili 2021 wasichana wa voliboli waliwafunga Texas seti 3-1 kule Omaha, ubingwa wa kwanza wa taifa wa voliboli kwa timu yoyote ya ligi yao ya SEC. Mji haukuchoma hata mto wa kochi, na hilo lilinikera. Msimu uliofuata nilianza kumpeleka mdogo wangu wa kike Memorial Coliseum, jumba la mwaka 1950, unakaa karibu hadi unasikia viatu vikilia. Kama una watoto na pesa ni za mawazo, anzia voliboli.

Baba alikuwa bado hajaingia. "Mupira wa mikono," alikuwa anasema, na kwa sauti yake ungedhani ni dhambi. Hadi alipokuja Oscar Tshiebwe.

Ni mtoto wa Lubumbashi, urefu wake mita 2 na ushee, mabega kama mlango wa kanisa. Alicheza West Virginia kwanza, akahamia Kentucky, na mechi yake ya kwanza, Novemba 2021 dhidi ya Duke, alidaka ribaundi 20. Baba aliuliza ribaundi ni nini. Nikamwambia ni kuudaka mpira ambao wengine wameukosesha kikapu. Baba alikuwa anafanya usafi wa maofisi usiku. Akafikiri, akasema, "Basi anafanya kazi yetu. Anaokota vya wenzake." Kuanzia hapo hakukosa mechi. Desemba Oscar alidaka 28 dhidi ya Western Kentucky, na baba alikuwa anahesabu kwa kete za bao, akiweka moja moja kwenye mkono wa kochi. La kijani, ndiyo, lilikuwa bado hai.

Kilichomteka kabisa ni makaratasi. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kulipwa kwa matangazo, lakini Oscar alikuwa na viza ya mwanafunzi, haimruhusu kufanya kazi kama hiyo ndani ya Marekani. Wenzake wanatangaza magari, yeye anaangalia. Agosti 2022 timu ilipokwenda Bahamas, akayafanya matangazo kule kule, nje ya mipaka. Baba alicheka hadi akashika ubavu. Mtu aliyekaa kambini miaka 15 akingoja mhuri anajua utamu wa habari hiyo.

Lakini nimeruka. Tarehe 29 Januari 2022 Kentucky walikwenda Kansas, nyumbani kwa watu, wakawafunga 80 kwa 62. Oscar pointi 17, ribaundi 14. Dakika ya mwisho baba aliinuka, akasogeza meza, akakaa kwenye kapeti, akanyoosha miguu. Nilimwita mama jikoni aache sombe aje aone. Mzee mzima, miaka kumi na moja baada ya Abu Dhabi, anaruka kwa makalio kutoka kwenye televisheni hadi mlango wa choo.

Mlango ukabishwa. Alikuwa jirani wa chini, baba wa familia ya Kiafghani iliyofika wiki chache kabla, macho yamemtoka, nyuma yake mtoto ameshika shati lake. Baba alimtazama, na nikaona anakumbuka. Akaruka juu, akatupa mpira wa hewa. "Win," akasema. "Happy." Mama akawafungashia ndagala.

Machi mwaka huo huo Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City kilichopangwa nambari 15, kikaitoa Kentucky iliyopangwa nambari 2 katika raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa, 85 kwa 79, muda wa ziada. Oscar alikuwa amefunga 30 na kudaka 16. Alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo wa nchi nzima, na haikusaidia kitu. Ilikuwa Alhamisi. Jumapili baba aliingia kanisani na jezi nambari 34 juu ya shati la tai. Mchungaji, ambaye ni mtu wa mpira, alimtazama na kuruka tangazo moja. Baada ya ibada wanaume walimpa mkono mmoja mmoja. Mimi nilisimama pembeni nikimkumbuka yule mzee aliyevua kofia kwenye nyasi zake.

Aprili 2024 kocha John Calipari aliondoka kwenda Arkansas. Mwaka 2012 mji ulichoma makochi. Safari hii kuna waliotaka kumchoma kocha. Akaletwa Mark Pope, aliyekuwa kwenye kikosi cha ubingwa wa 1996, na Jumapili ya tarehe 14 Rupp Arena ikafunguliwa bure watu waje kumpokea. Hakuna mechi, ni kocha tu na kipaza sauti. Watu walijaa hadi wengine wakabaki nje. Sisi tuliingia, kwa sababu baba alituamsha alfajiri.

Miaka 12 na nusu Lexington, ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia. Alisimama kwenye ngazi akazuia foleni, anatazama dari. Nilimwonyesha bendera nane za ubingwa. Nikamwonyesha zile jezi nne.

"Hao walishinda nini?"

"Walifungwa na Duke, baba."

"Halafu wakatundikwa?"

"Wakatundikwa."

Akaguna. Tukapata viti juu kabisa, pembeni ya mzee wa kijijini mwenye kofia yenye nembo ya mahindi. Yule mzee aliiona namba 34 kifuani mwa baba, akasema, "Oscar!" Baba akajipiga kifua, akasema, "Lubumbashi!" kana kwamba ana nyumba pale. Wakaendelea hivyo, kila mmoja kwa Kiingereza chake, wa kwanza akieleza 1996, wa pili akieleza Mazembe. Mzee hakuwa amewahi kusikia habari za Mazembe. Wala za Kidiaba.

Baba akanikabidhi kofia yake, akaanza kupima kwa macho upana wa njia kati ya viti.

"Baba," nikasema, "una miaka 63."

Alikuwa ameshakaa chini.